Nina miaka 39, fundi wa kushona, nimeanza kujifunza kuigiza. Miezi minne sasa, njoni tuongee

FundiMwanakwerekwe:

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mie ni fundi wa kushona, nina banda langu Mwanakwerekwe hapa Unguja, miaka 39, watoto watatu, na huu ni mwezi wa nne niko kwenye darasa la kuigiza. Sijawahi kusimama mbele za watu maishani mwangu ukiacha ile ngonjera ya darasa la tano skuli, tena nilipangwa mstari wa nyuma. Naandika kwa urefu mana kabla sijaanza nilitafuta sana mtu mzima wa hapa kwetu alieandika habari hizi sikumpata, kila nlichokiona ni cha vijana wanaotaka umaarufu wa filamu, na mie sikutaka umaarufu, nilitaka kujua tu.

Ilianza hivi. Mwaka jana kikundi kimoja kilinipa kazi ya nguo za mchezo wao, magauni sita na kanzu mbili za mtindo wa zamani, nikaambiwa niende nikawapime palepale mazoezini. Nikakaa pembeni na futi yangu shingoni nasubiri wamalize. Mbele yangu kuna msichana anamwambia mwenzake maneno matatu tu, "basi we nenda". Wakairudia ile sehemu mara nane au tisa na kila wakirudia yale maneno matatu yanakuwa kitu chengine, mara anamfukuza kweli, mara anamuomba abaki, mara anajiambia mwenyewe. Maneno ni yaleyale, sauti haikupanda wala haikushuka sana, lakini mie nilokaa kwenye kiti nilikuwa najua kila mara kilichobadilika. Nilirudi nyumbani nikawa nakata kitambaa huku nasema peke yangu basi we nenda, basi we nenda, mwanangu wa kati akaniuliza mama nani aende.

Baadae mwalimu wao akafungua darasa la watu wazima wasiojua kitu. Jumatatu na Jumatano baada ya isha, Jumamosi alasiri. Tuko kumi na moja, kuna mvuvi mstaafu, walimu wawili wa skuli, dada wa mapokezi hotelini, kijana wa bodaboda na wengine. Mwalimu amesoma Bagamoyo, pale TaSUBa ambayo zamani ikiitwa Chuo cha Sanaa, kile kilichoanzishwa 1981.

Mwezi wa kwanza hatukuigiza kabisa. Wallahi nilikuwa nafikiri siku ya kwanza tutapewa karatasi tulie au tugombane. Badala yake tulilala chini kwenye mikeka, mkono juu ya tumbo, tunapumua mpaka mkono unapanda wenyewe bila mabega kusogea. Halafu kutembea. Unatembea tu ukumbini, mwalimu anasema simama, anasema funga macho, nani yuko kulia kwako amevaa nini? Siku ya mwanzo sikumjua hata mmoja. Nimekaa na watu saa nzima na sijui mwenzangu amevaa rangi gani, na mie kazi yangu ni nguo!

Sasa nije kwenye siku ilionibadilisha. Tuliambiwa kila mtu afanye kitu anachokifanya kila siku, bila ya kuwa na kile kitu mkononi. Mie nikachagua kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Nikakaa, nikavuta uzi kutoka juu, nikaupitisha kwenye vile vikulabu, nikaukata ncha kwa meno, nikautia mate kidogo kwa mdomo nikausokota kwa vidole viwili, nikafumba jicho moja, nikaingiza. Nilipomaliza watu wakawa kimya. Mwalimu akasema umeona, hukuigiza, umefanya, hebu sasa fanya tena lakini ni usiku wa kuamkia Idi, umeme umekatika una taa ya simu tu, na hiyo ni kanzu ya tisa na mwenyewe atakuja kabla ya sala. Jamani kila fundi humu anaujua usiku huo. Nikakaa tena, kitendo ni kilekile, lakini mkono ukawa mwengine, uzi ukanikwepa mara mbili na sikupanga unikwepe. Akasema mara ya tatu: ni mchana, una nafasi, unashona gauni la mwisho la mteja ambae unajua hatorudi tena kwako. Nikafanya. Yule dada wa hoteli alikuwa anafuta macho na mie sikutia huzuni yoyote usoni, nilikuwa nashughulika na uzi wangu tu.

Akatueleza kwamba jambo hili Mrusi mmoja, Konstantin Stanislavski, alilifanyia kazi maisha yake yote, tangu kabla ya kuanzisha na mwenzake ile thieta yao ya Moscow mwaka 1898 mpaka alipofariki 1938. Hakusema jilazimishe kuhisi. Alisema jiulize ingekuwa mimi, mahali hapa, saa hii, na kitu hichi nnakitaka, ningefanya nini? Halafu fanya. Hisia zitakuja zenyewe zikitaka.

Nitaendelea kesho nina kazi ya watu. Kama kuna mwenye swali aulize, na kama kuna alopita njia hii aseme.

MwalimuWete:

Waalaykum salaam dada yangu. Nimesoma neno kwa neno na nimerudia mara ya pili. Mie ni mwalimu wa skuli huku Wete, miaka 46, jambo hili nimelitaka tangu niko chuo cha ualimu lakini huku Pemba darasa la namna hiyo sijaliona, na kwenda Unguja mara tatu kwa wiki haiwezekani. Swali langu ni moja tu, mtu anaweza kuanza bila mwalimu? Na jengine, umri huu ulimi umeshakuwa mzito, kukariri naona tabu, wanafunzi wangu wananishinda.

UmmuWawili:

Shoga hongera kwa kuthubutu. Mie naomba uniambie ukweli bila ya kuficha, mambo ya kushikana wanawake na wanaume yakoje huko? Mana ndio kitu pekee kinachonizuia, na mume wangu ataniuliza hilo hilo la kwanza, na akiniuliza nataka niwe na jibu la kweli.

FundiMwanakwerekwe:

Nimerudi. Naanza na UmmuWawili mana hili hata mie lilikuwa la kwanza.

Ukweli ni huu. Darasa la kwanza nilokwenda sio hili nililopo sasa. Nilikwenda pengine kwanza siku mbili, sitopataja, mwalimu wa pale alituambia tushikane mikono wote duara na tukumbatiane ili woga utoke, nikasema mie siwezi, akasema mbele ya wote basi kuigiza utakuweza vipi. Nilitoka. Nililia njiani kwenye daladala nikaona nimeshindwa kabla sijaanza, nikakaa wiki sita bila kumwambia mtu. Hapa nilipo sasa mwalimu siku ya kwanza kabisa alisema kila mtu aseme mpaka wake uko wapi na hatoulizwa kwa nini. Mie nikasema simshiki mwanamme wala hanishiki, na mtandio wangu siutoi, akaitikia sawa akaandika kwenye daftari, likaisha. Mazoezi ya mwili wanawake tunakuwa upande wetu. Sini, yaani kipande cha mchezo, ikitaka mume na mke wawe karibu tunatumia kitu, ananipa kikombe mie nakipokea, na nakwambia kile kikombe kinasema zaidi ya kukumbatiana. Kwa hiyo shoga usikubali kuambiwa kwamba ndio sanaa ilivyo. Muulize mwalimu mapema kabla hujalipa, jibu lake litakwambia kama ukae au uondoke.

Baba watoto wangu alikataa mwanzo, alisema watu watasema nini. Nikamwambia njoo ukae. Akaja Jumamosi moja akakaa kwenye kiti kilekile nilichokaa mie na futi yangu. Hakusema kitu njia nzima. Usiku anakula akasema yule mzee mvuvi anaweza. Tangu siku hiyo Jumatano anapika yeye.

MwalimuWete kaka yangu, la kukariri nalijua vizuri mana nilikuwa naogopa kama wewe. Kosa langu lilikuwa nashika maneno kama tulivyokuwa tukishika mashairi skuli, na sauti yake juu, na mkazo wake pale pale, sasa mwenzangu akinijibu kwa namna nyengine mie siwezi kubadilika nimeshajifunga. Mwalimu akatuambia shika maneno makavu, bila lahani yoyote, kama unasoma bei za sokoni. Na shika ya mwenzako pia, mana maneno yako ni jibu, ukilijua swali jibu linakuja. Mie naandika kwa mkono kwenye daftari, halafu narikodi maneno ya mwenzangu kwenye simu naacha nafasi ya kimya ya kwangu, naisikiliza banda zima nikiwa nashona. Wateja wameshanizoea. Na mara nyingi mstari unashikamana na kitendo, ukijua kwamba neno hili unalisema ukiwa unafunga dirisha basi ukifika dirishani linatoka.

La kuanza bila mwalimu naomba wenye ujuzi wanisaidie.

MzeeWaRedio:

Salaam wanangu. Mimi zamani tulikuwa na kikundi, tulikwenda kurikodi michezo ya redio Rahaleo. Nimefurahi mno kusoma haya. Mwanangu wa Wete, sisi hatukuwa na mwalimu. Tulikuwa watu saba na maikrofoni moja, kwa hiyo ulikuwa lazima ujue kusogea bila kiatu kulia, na anaesema kwa hasira anarudi nyuma hatua moja, na anaenong'ona anakaribia. Mlango ulikuwa ni mlango mdogo wa kabati. Kutembea mchangani tulikuwa na sinia la mchanga na mmoja wetu kazi yake ni hiyo.

Nataka niseme jambo kuhusu sauti. Vijana wa sasa wakiambiwa pandisha sauti wanapiga kelele, na koo linakatika siku mbili. Sauti haipandi kwa koo, inapanda kwa pumzi, hilo la mkono juu ya tumbo alilosema fundi ndilo lenyewe. Na herufi za mwisho! Kiswahili chetu karibu kila neno linamalizika kwa irabu, ukiimeza ile irabu ya mwisho mtu wa nyuma amekosa neno. Jaribuni kusema "kata" na "kati" ukiwa umekaa mbali na mwenzako muone kama anatofautisha. Sisi tulikuwa tukisema vitata vya ulimi, vile vya Liwale na wali wake, kila siku kabla ya kurikodi, pole pole kwanza, mwendo baadae. Wengi wanaanza na mwendo.

Na wewe una wanafunzi kila siku mbele yako mwanangu. Hilo ni jukwaa tayari.

MwalimuWete:

Shukran sana mzee wangu, Mungu akuweke. Hilo la irabu kesho nalianza darasani.

BodaJangombe:

Fundi nisamehe, mie ndo yule wa bodaboda darasani kwenu, haha nimekujua kwa ile sindano. Dada yangu simulia la Jumatano ile na mzee mvuvi wasikie.

FundiMwanakwerekwe:

Mdogo wangu kumbe na wewe uko humu! Haya nasimulia.

Kuna zoezi la kurudia. Mwalimu anasema linatoka kwa Mmarekani Sanford Meisner, aliekuwa akifundisha New York miaka mingi. Watu wawili wanakaa kwenye viti wanatazamana. Mmoja anasema kitu anachokiona kweli kwa mwenzake, mwenzake anakirudia kwa upande wake, na wanaendelea kurudia hayo hayo mpaka kitu kibadilike chenyewe. Huruhusiwi kubuni. Mie nikapangwa na mzee. Akanitazama akasema, "Vidole vyako vina matundu." Nikasema, "Vidole vyangu vina matundu." "Vidole vyako vina matundu." "Vidole vyangu vina matundu." Mara ya tano ya sita naona ni upuuzi, natamani kucheka, nikamuona na yeye anaona natamani kucheka. Akaendelea vilevile. Mara ya kumi hivi sauti yake ikashuka, akalisema kama baba anaemsemesha mwanawe, na mie nikalisikia lile neno mara ya kwanza. Nina miaka 20 nachomwa na sindano na hakuna alowahi kuniambia vidole vyangu vina matundu. Nikamjibu na sauti ikatoka vyengine kabisa, sikuipanga. Halafu mie nikatazama mikono yake nikasema, "Mikono yako ina kamba." Ina alama za kamba kweli, za mshipi na nyavu, nyeupe nyeupe kwenye viganja. Akairudia mara moja akanyamaza. Mwalimu akasema acheni hapo.

Ndipo nlipofahamu kazi yenyewe ni nini. Nilikuja nikidhani naenda kujifunza kujionyesha. Nimejifunza kumsikiliza mtu mpaka anibadilishe. Na hapo mtu mzima hana hasara hata kidogo, kijana ana uso mzuri na mwili mwepesi lakini yule mzee ana miaka 50 ya bahari kwenye viganja na hakuna mazoezi yatakayompa mtoto wa miaka 20 viganja hivyo.

Jengine niseme mana linaweza kumuumiza mtu. Mama yangu amefariki miezi saba iliopita, na kulikuwa na sini ya msiba, nikataka nimtumie mama, nimkumbuke ili machozi yatoke. Mwalimu akakataa kabisa. Alisema kidonda hicho bado kibichi, na hata Stanislavski alieanza na kumbukumbu za hisia miaka yake ya mwisho alikazania zaidi vitendo. Akanipa kazi: kunja nguo za marehemu wa kwenye mchezo, amua ipi utampa nani. Nikakunja kanga hewani. Ilinitosha, na niliporudi nyumbani nililala vizuri.

KijanaWaKamera:

Mie niko upande wa kamera, napiga video za harusi na fupi fupi za vijana. Tofauti mjue, jukwaani unamfikia mtu wa kiti cha mwisho, kwenye kamera yeye ndo anakufikia, lenzi iko karibu na pua. Ukifanya usoni kile ulichofanya ukumbini kinaonekana kikubwa mno. Jirikodini kwa simu mtazame bila sauti kwanza. Na wazee wangu msitapeliwe, nimeona mtu akiombwa laki mbili eti ya kufanyiwa usaili wa filamu. Usaili wa kweli haulipiwi na muigizaji. Darasa unalipia, usaili hulipii.

Sasa swali langu kwa fundi, kwa kweli unategemea nini na miaka 39? Sikuvunji moyo, nataka kujua tu.

FundiMwanakwerekwe:

Asante mdogo wangu kwa hilo la usaili, ni la muhimu sana.

Nnachotegemea? Nataka siku moja nisimame pale Ngome Kongwe, basi. ZIFF nimekuwa nikienda tangu niko msichana, lile tamasha la filamu limeanza 1998, nakaa kwenye ngazi za mawe natazama. Na wenye hamu watazame ratiba yake, huwa kuna warsha pia sio filamu tu.

Na la umri. Siti binti Saad, yule muimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba mwaka 1880 hivi, mfinyanzi, anauza vyungu, kaja mjini 1911 yuko miaka 30 na kitu, na alipokwenda Bombay kurikodi 1928 alikuwa karibu na 50. Mwanamke wa Kiswahili, masikini, bila kusoma. Watu wa nje nao wapo, yule muigizaji wa Uingereza Alan Rickman alikuwa na kazi yake ya usanifu wa michoro, akaingia chuo cha kuigiza ana miaka 26, na filamu yake ya mwanzo kubwa imetoka 1988 yuko 42. Lakini mie nikimfikiria Siti inanitosha, mana njia ya Fumba naijua.

MzeeWaRedio:

Umenena mwanangu.

UmmuWawili:

Shoga nimemsomesha mume wangu uzi wote. Kafika kwenye kikombe akasema hapo sawa. Nitakutafuta kwa ujumbe unielekeze, naweza Jumamosi tu kwa sasa.

MwalimuWete:

Nina habari. Nimeongea na walimu wenzangu na muuguzi mmoja, tumekuwa watano. Skuli imetupa darasa moja Jumamosi baada ya alasiri. Jukwaa hatuna wala taa.

Nilikuwa nikisoma habari za yule Mbrazili Augusto Boal, aliefariki 2009. Yeye alikuwa na namna ya mchezo ambao unafika mahali pabaya, mtu ameonewa kwa mfano, halafu unarudiwa tangu mwanzo na mtazamaji yoyote anaweza kusema simama, akapanda akashika nafasi ya yule alieonewa akajaribu njia yake, na waigizaji wengine hawamrahisishii. Nimeona hili linafaa kwetu mana watu wa huku hawakai kimya wakitazama, wanasema tu! Naona tuanze na mambo ya nyumbani, mtoto wa kike na mitihani, mtu na deni la dukani. Baadae tukitaka kuonyesha hadharani itabidi tufuate utaratibu wa Baraza la Sanaa la Zanzibar, BASSFU, lakini hilo bado mbali.

Dada fundi, Jumamosi ya kwanza tufanye nini? Naomba kitu kimoja tu, kidogo, nisije nikawatisha.

FundiMwanakwerekwe:

Kaka yangu nimefurahi mpaka nimeinuka kwenye cherehani. Msianze na mchezo. Toeni madawati pembeni, kila mtu aje na nguo isiyombana na maji ya kunywa. Pumueni dakika kumi chini kwenye mkeka. Halafu tembeeni mle ndani bila kusema, na wewe ukisema simama wafunge macho, muulize mmoja mmoja, nani yuko kulia kwako na amevaa nini. Watakosa. Tembeeni tena.

Yule muuguzi mwache mwisho. Mwambie avute dawa kwa bomba la sindano, bila bomba, kama anavyofanya kila siku. Mtazame vidole. Halafu umwambie mgonjwa ni nani.